Weye Si Unasomaka Fizikia?

Mtu akisoma sheria hapa Goma, majirani watamwita pale tu wanapogombania mpaka wa parseli. Akisoma udaktari, ataonyeshwa vidonge vilivyobaki kabatini tangu mwaka juzi na kuulizwa kama bado vinafaa. Akisoma lugha, atapumzika maisha yake yote. Lakini thubutu usome fizikia. Siku unayojiandikisha, habari zinamaliza avenyu nzima kabla hujafika nyumbani, na tangu hapo unawajibika kwa umeme, kwa redio, kwa betri ya sola, kwa radi, kwa ziwa, kwa mlima, na kwa kila kitu ambacho Mungu alikiumba kikawa na uzito.

Mimi nilisoma fizikia katika chuo kimoja cha ualimu hapa mjini. Jina la chuo nalihifadhi, maana bado kuna karatasi yangu moja ofisini kwao na ninaihitaji. Ni chuo cha watu wa kawaida: watoto wa walimu, wa motari, wa mama wanaouza sambaza, na wachache waliotaka kusoma udaktari lakini dola zikawaishia njiani. Minervali, yaani ada ya masomo, inalipwa kwa dola, na dola ya Goma ina sheria zake. Noti ikichanika pembeni hata upana wa ukucha wa mtoto mchanga, imekufa. Keshia anaiinua, anaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, anaipapasa, anaitazama tena kwa jicho moja huku lingine likikutazama wewe. Nilidhani somo la optiki tungefundishwa na profesa mwaka wa pili. Kumbe lilianza pale dirishani mwaka wa kwanza, na hakuna mtu chuoni aliyekuwa na jicho kali kumshinda yule mama. Noti yangu ya ishirini aliikataa kwa kosa la mkunjo. Nikamweleza kwa heshima kwamba mkunjo haupunguzi thamani ya pesa.

"Unasomaka nini?" akaniuliza.

"Fizikia, mama."

"Basi enda uinyooshe."

Labo yetu ilikuwa chumba cha mwisho cha korido, chenye kabati mbili za vioo. Ndani yake mlikuwa na mizani ya shaba isiyo na mawe yake, lenzi chache, voltimita mbili ambazo moja ilionyesha volti 40 hata ikiwa haijaunganishwa na kitu, na mashine ya umeme tuli ambayo kila mtu aliiheshimu kwa sababu hakuna aliyejua inavyozungushwa. Ufunguo ulikaa kwa aparitere, mtumishi wa chuo, na aparitere alikuwa mtu wa matanga mengi. Ukoo wake ulikuwa mkubwa na haukuwa na afya nzuri, hasa siku za travo pratiki, zile TP zetu za vitendo.

Akiwepo aparitere, hakuna umeme. Vikikutana vyote viwili, mashine ya kusaga iliyokuwa nyuma ya ukuta wetu nayo inaamka. Tulikuwa laini moja na msagaji mmoja wa unga wa muhogo. Tunapima sheria ya Ohm: mwenzangu anasoma volti, mimi nasubiri kusoma ampia, na kabla sijainama, msagaji amewasha. Umeme unashuka, taa inakuwa nyekundu, na grafu yetu, ambayo kitabuni ni mstari ulionyooka, inakuwa ngazi. Asistani alikuwa amekwisha kuizoea hali hiyo. Alijua ratiba ya msagaji kuliko ratiba ya chuo. "Haraka, haraka," alituhimiza ikikaribia saa saba, "amekwenda kula." Kwetu sisi sheria ya Ohm ilifanya kazi kuanzia saa saba hadi saa nane kasorobo, Jumapili ikiwa imetolewa.

Silabusi ya mekanika tuliinunua kwa lazima, na kurasa zake za katikati zilikuwa zimefotokopiwa kichwa chini. Ukurasa wa kwanza ulisomeka vizuri: tuchukue uso laini, usio na msuguano wowote. Tukatazamana. Goma imejengwa juu ya lava. Januari 2002 volkeno ya Nyiragongo ilipasuka, lava ikapita katikati ya mji hadi ikaingia ziwani, ikafunika na sehemu ya uwanja wa ndege. Watu waliporudi hawakuhangaika kuiondoa. Waliivunja kwa nyundo wakajengea kuta, na ile iliyobaki wakaijengea juu yake. Hadi leo njia za ndani ya mitaa ni mawe meusi yenye meno, na soli ya kiatu hapa haiufikii uzee. Kumwambia kijana wa Majengo achukue uso usio na msuguano ni kama kumwambia achukue likizo Ulaya: maneno anayaelewa, visa ndiyo hana.

Siku moja, aparitere akiwa matangani na ufunguo mfukoni, asistani aliamua kutupeleka nje. Tungefanya TP ya mteremko kwa vitendo. Tukasimama kando ya barabara ya Rutshuru, pale inaposhuka kuelekea mjini, tukiwa na utepe wa fundi cherehani, simu ya kuhesabia sekunde na madaftari. Tulikuwa tunawinda chukudu.

Kwa msomaji ambaye hajafika Kivu, chukudu ni chombo cha mbao kisicho na pedali wala mnyororo. Kina magurudumu mawili ya mbao yaliyovishwa mpira, usukani wa pembe mbili, na ubao mrefu unaobeba mamia ya kilo za viazi, makabichi au makala, yaani mkaa. Mwenyewe anapiga goti moja juu ya ubao na mguu wa pili unasukuma ardhi. Kwenye mteremko anaacha kusukuma na kuanza kumwomba Mungu. Mji unakiheshimu chombo hiki hata umekijengea sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya mzunguko wa barabara, heshima ambayo hakuna mwalimu wa fizikia aliyewahi kuipata.

Kijana mmoja aliyekuwa ameshusha makabichi kutoka Kibumba alikubali kusimama kwa franka elfu mbili. Asistani akamweleza kazi: tutapima urefu wa mteremko, tutapima muda, halafu tutakokotoa kasi yake, tukipuuza msuguano. Kijana akauliza msuguano ni kitu gani. Asistani akamwonyesha breki yake mwenyewe, kipande cha tairi kuukuu kilichopigiliwa juu ya gurudumu la nyuma, ambacho mtu anakikanyaga kwa mguu.

"Papa," kijana akasema, "miye nikipuuza hii kitu, kesho munakuja kwangu matanga."

Pale palikuwa mahali pa kukomea. Lakini asistani alikuwa kijana bado, na darasa lilikuwa na wasichana. Akasema mwanasayansi lazima azihisi kani kwa mwili wake. Mzigo ukapunguzwa, tai ikasukumwa nyuma ya bega, goti likawekwa ubaoni. Mita za mwanzo zilikwenda vizuri, hata tukapiga makofi. Kasi ilipoongezeka tukaona mikono yake inafinya usukani kwa nguvu, ikitafuta breki mahali ambapo breki za baiskeli zinakaa. Chukudu haina kitu hapo. Ilikwenda moja kwa moja kwenye meza ya mama mmoja aliyekuwa anauza puaro, vile vitunguu vya majani, na meza ikafanya kazi ambayo kipande cha tairi hakikuitwa kuifanya.

Mama hakuuliza kama mtu yule ana digrii. Alihesabu mafungu yaliyovunjika, akataja bei, akalipwa. Kijana wa makabichi alikuwa ameshuka mbio nyuma yetu. Alikagua gurudumu, akakagua usukani, mwisho akamkagua asistani aliyekuwa anajikung'uta udongo mweusi.

"Sasa hapa mulipuuza nini?"

Namba tulizipata, ripoti tukaiandika. Kwenye kipande kinachosema vyanzo vya makosa, darasa zima liliandika neno moja, breki, na hakuna aliyepunguziwa pointi.

Kesi ya mvutano wa dunia ndiyo iliyoniuma hasa, na wala haikuwa kesi yangu. Ilikuwa ya mwenzangu mmoja, msichana mkimya aliyekaa mbele, mwenye tabia mbaya ya kupima vitu kweli. Tulipewa kazi ya pendulumu: kamba, jiwe, mita moja ya urefu, hesabu mibembeo, tafuta g. Kila mtu alijua jibu. Kitabu cha Wafaransa kinasema 9.81, na silabusi, iliyotokana na kitabu hicho, inasema 9.81. Kwa hiyo tulifanya kama wanavyofanya watu wenye akili: tulianza na 9.81 kisha tukarudi nyuma kutafuta sekunde zitakazoizaa. Kikundi kimoja kilipata 9.81 kwa kamba ambayo ilikuwa imekatika katikati ya jaribio.

Yule dada akakaa chini ya mwembe na jiwe lake la lava, akahesabu mibembeo mia, akarudia tena na tena. Akapata 9.78. Aliambulia 6 kwa 20. Asistani akamwandikia kwa wino mwekundu: "Nani ameiba uzito wa dunia?"

Hakuna aliyeiba. Dunia haikuumbwa mviringo kamili. Imetuna kiunoni, kwenye ikweta, na inajizungusha, hivyo mvutano wake ni mdogo kidogo kwetu kuliko kwa watu wa Paris. Goma iko chini ya digrii 2 kusini mwa ikweta, tena iko juu, kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Namba ya hapa ni 9.78. Jambo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alitumwa Cayenne, Amerika ya Kusini, karibu na ikweta kama sisi, na saa yake ya pendulumu iliyokuwa sahihi Paris ikaanza kuchelewa kama dakika 2 na nusu kila siku. Angekuwa mwanafunzi wetu angeambiwa ameivunja saa ya serikali. Newton aliichukua habari hiyo akaitumia kwenye kitabu chake kikubwa cha mwaka 1687 kueleza umbo la dunia. Mwenzangu ama alikuwa makini kupindukia ama alikuwa na bahati, kwa sababu kwa simu na kamba si rahisi kuzitenganisha 9.78 na 9.81. Lakini alikuwa sahihi, nasi sote tuliopata 15 tulikuwa tumepima mvutano wa Paris tukiwa tumekaa Goma. Asistani alipoonyeshwa hesabu alifikiri sana, akampandisha hadi 9 kwa 20. Kumi, alisema, ingeleta mazoea.

Nyumbani ndiko mitihani migumu ilikokuwa. Mama yangu alinisikiliza kwa uvumilivu nilipomweleza kwa nini maharage ya Masisi yanamaliza makala: huku juu hewa ni nyepesi, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 badala ya 100, kwa hiyo chungu kinatokota kwa kelele lakini joto halitoshi. Aliposikia nimefika mwisho, aliniuliza kama maelezo hayo yanapunguza makala. Nikasema hapana. Akaokota jiwe zito, akaliweka juu ya mfuniko. Mvuke ukabanwa, kanieneo ikapanda, na maharage yakaiva mapema kidogo. "Bibi yako alikuwa anafanyaka hivi," akasema, "na hakumaliza hata darasa la tatu."

Muzee wa parseli ya pili aliniletea redio. Nilimwambia kwamba mimi nasoma mawimbi, sitengenezi redio. Akajibu kwamba mawimbi yako mazuri, redio ndiyo mbaya. Redio ile ilikaa chini ya kitanda changu hadi akaanza kuwaambia watu nimeiuza. Mwenye nyumba naye alinipandisha juu ya mabati nigeuze paneli ya sola ielekee jua. Alipoona nimesita kwa sababu jua la ikweta miezi mingine liko kaskazini na mingine liko kusini, aliniuliza kwa huruma kama tumeshafika kwenye somo la jua.

Na radi! Eneo hili la Ziwa Kivu lina radi nyingi mno. Uchunguzi wa setilaiti uliochapishwa 2016 uliipa Kabare, kando ya ziwa hili hili upande wa Kivu Kusini, nafasi ya pili duniani, nyuma ya Ziwa Maracaibo la Venezuela. Shangazi yangu hakuhitaji setilaiti. Mawingu yakikusanyika anafunika vioo kwa vitenge, anazima simu, anawavua watoto nguo nyekundu. Radi ilipopasua mti wa avoka wa jirani, niliitwa. Nikajitayarisha kueleza chaji, mawingu, na kwa nini mti mrefu unapigwa. Hakuna aliyeniuliza kwa nini. Waliniuliza nani ameituma. Kwenye silabusi yetu hakuna sura ya nani.

Swali lililonishinda kabisa lilitoka kwa mama mmoja muuza sambaza, mteja wa nyumbani. Nilikuwa ninajigamba mbele ya wageni kuhusu ziwa letu: kina chake cha karibu mita 485, chini kabisa maji mazito yenye kilomita za ujazo kama 300 za hewa ya kaboni na 60 za methani, yote yamebanwa na uzito wa maji ya juu. Nikawaeleza Ziwa Nyos la Kameruni, ambalo mwaka 1986 lilitoa hewa ya kaboni usiku mmoja na kuua watu wapatao 1,700. Nikawaeleza pia kwamba upande wa Rwanda, tangu 2016, methani ya ziwa hili inachomwa kwenye mtambo wa megawati 26 na kutoa umeme. Wageni wakatikisa vichwa. Mama wa sambaza akaendelea kupima samaki wake kwenye kikombe, kisha bila kuinua uso akauliza:

"Kama ziwa liko na gazi, mbona sisi tunanunua makala?"

Nilisoma miaka yote ile, nikafanya mitihani ya sesio ya kwanza na ya pili, na sikuwahi kupewa swali zuri kama hilo. Sitaki kuwadharau maprofesa wangu. Lakini maswali yao yalikuwa na jibu nyuma ya silabusi.

Mara moja tu fizikia yangu iliisaidia familia, na sifa walipewa wengine. Baba mdogo alikuwa amepata kiwanja upande wa magharibi ya mji, njia ya Sake, kwa nusu ya bei ya kawaida. Akanipigia simu: "Weye si unasomaka fizikia? Njoo uangalie kama kimelala sawa." Nikaenda. Kiwanja kilikuwa kama bakuli, kimezama katikati, majani yake yamekauka wakati ya jirani ni mabichi. Komisioneri aliyekiuza alikuwa mtu wa maneno matamu, mwenye viatu vyenye ncha.

"Hapa, papa, hakuna panya," alisema. "Hakuna nyoka. Hata mbu hakuna. Mutu analala kama yuko hoteli."

Kwenye majani makavu kulikuwa na ndege mdogo amelala chali. Hapo nikaelewa ni kwa nini hata mbu hakuna. Kilikuwa ni kiwanja cha mazuku. Kutoka kwenye nyufa za ardhi ya volkeno hutoka hewa ya kaboni, nzito mara moja na nusu kuliko hewa ya kawaida, na inakaa kwenye mabonde kama hayo. Haionekani, na pua haiisikii. Mbuzi anatangulia kufa kwa sababu kichwa chake kiko chini, kisha mtoto aliyemfuata mbuzi, kisha mtu mzima aliyeinama kumwinua mtoto. Upande ule kuna mahali pengi pa namna hiyo, pengine pamewekwa vibao, pengine hapana.

Ilikuwa saa sita mchana, jua kali na upepo kutoka ziwani. Nikatia mshumaa kwenye kopo, nikaufunga kamba, nikauteremsha bondeni nikiwa nimesimama ukingoni. Ukawaka vizuri. Komisioneri akatabasamu hadi jino la mwisho. Baba mdogo akanitazama kama mtu anayekumbuka minervali aliyochangia.

"Turudi alfajiri," nikasema.

Tabasamu likakatika. Saa ile, komisioneri akasema, ni ya wezi na wachawi, yeye ni mtu wa kanisa. Lakini nilijua, na naamini yeye alijua zaidi yangu, kwamba mchana jua na upepo huipeperusha hewa hiyo, na usiku kukitulia inarudi na kujaa. Wateja wake wote aliwaleta saa sita. Tulibishana hadi baba mdogo, ambaye alishaanza kunusa jambo, akasema bila alfajiri hakuna pesa.

Saa kumi na moja na nusu tulikuwa pale, ukungu umelala juu ya mawe. Nikawakataza wote kushuka na kuinama. Kopo likateremka polepole, mwanga wake mdogo ukizungukazunguka, na kabla halijafika katikati mshumaa ukazimika. Haukupepesuka, haukutoa cheche. Ulizimika tu, kama umeamriwa. Nikauvuta, nikauwasha, nikauteremsha tena. Mahali pale pale, ukazimika.

"Ni upepo," akasema komisioneri. Hata jani halikutikisika.

"Basi ni mushumaa. Hii mishumaa ya siku hizi haiko mizuri."

Kiwanja hakikununuliwa. Baba mdogo aliwasimulia ndugu kwamba alifunuliwa katika maombi kuwa mahali pale pana mashetani, na hadi leo ukoo unamsifu kwa karama hiyo. Mimi nilishukuriwa kwa kuleta mshumaa. Aliyetambua kipaji changu ni komisioneri peke yake. Baada ya wiki moja alinipigia simu kuniuliza kama ningependa tufanye kazi pamoja: mimi nimwonyeshe viwanja vizuri, yeye aviuze kwa bei kamili. Ndiyo ofa ya kwanza ya kazi niliyopata kwa elimu yangu.

Halafu ikaja Jumamosi tarehe 22 Mei 2021. Jioni, mbingu juu ya Nyiragongo ikawa nyekundu na mji wote ukaingia barabarani. Hakuna onyo lililokuwa limetolewa. Lava ilifika upande wa Buhene, ikasimama karibu na uwanja wa ndege. Watu zaidi ya 30 walikufa na maelfu walipoteza nyumba. Hilo halichekeshi na silichekei. Lakini ndani ya umati ule, katikati ya magodoro na televisheni na kuku waliofungwa miguu, muzee mwenye redio alinitambua. Alikuwa amepata mtu wa kumwuliza.

"Weye! Ule moto unatembeaka kilomita ngapi kwa saa?"

Nikamwambia ukweli: lava ya mlima wetu ina silika kidogo, haina mnato mwingi, kwa hiyo inaweza kukimbia kuliko lava nyingi duniani. Mwaka 1977 ziwa la lava la kule juu lilimwagika lote katika muda usiofika saa moja. Muzee akasimama, akafikiri, akageukia mkewe. "Tupa kabati," akasema. Nadhani ndilo jibu la mekanika ya majimaji lililotumika upesi kuliko yote niliyowahi kutoa.

Siku zilizofuata ardhi iliendelea kutetemeka usiku na mchana, hadi tarehe 27 mitaa mingi ikaamriwa ihame, na barabara ya Sake ikajaa watu. Kabla ya hapo, kila tetemeko lilikuwa linapelekwa kwa mwanafunzi wa fizikia aliye karibu ili alipatie namba. Mimi nilisema sina kipimo, nikadharaulika. Mwenzangu mmoja wa darasa, mkazi wa Ndosho, alikuwa na busara zaidi. Tetemeko likipita anafumba macho, anaweka kiganja ukutani, anasema: "Nne nukta tatu." Jingine: "Tatu nukta nane." Kilichowashika watu ni ile nukta. Angesema nne tupu wangembishia. Alikuwa analetewa chai parselini, na mama mmoja alikataa kulala ndani hadi yeye aseme nukta imeshuka.

Leo mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule moja ya sekondari hapa hapa mjini. Redio ilirudi kwa mwenyewe, haikuwahi kutengenezeka. Mwenzangu wa pendulumu anafundisha pia, hesabu, na nasikia kwake hakuna anayepata 15 kwa bahati. Mimi wanafunzi wangu nawapeleka uani na kamba na jiwe wapime wenyewe, kisha nawapa maagizo ambayo mkaguzi hajayasikia bado: daftarini mwangu waandike 9.78, kwa sababu ndiyo ya Goma. Kitabu kikisema 9.81, wakiazime hiyo 9.81 na wairudishe. Na Egzeta, mtihani wa taifa, ikiwaambia wachukue 10, wachukue 10 bila ubishi, wapite. Diploma kwanza.